Mwanya wa Sindano

4 Mfungo Mosi

Leo nimesema uwongo mmoja mbele ya watu watatu. Nimesema nataka meno nipate kutafuna mahindi ya kuchoma.

Wa kwanza ni Badria, mjukuu wangu, ninayekaa naye katika nyumba hii ya Sokomuhogo. Wa pili ni daktari wangu wa moyo, ambaye alinitazama kama mtu anayetazama chombo kinachovuja kikiomba kupakwa rangi. Wa tatu ni Abdulhakim, daktari wa meno mwenye kliniki kule Fumba kwenye nyumba mpya. Huyu nilimsomesha jiografia. Hakuwa hodari wa ramani.

"Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Themanini na moja."

"Na moyo?"

"Umechoka. Lakini sikukujia kwa moyo, nimekujia kwa meno."

Akacheka, kisha akanieleza taratibu. Nina pengo la meno mawili ya mbele, ya juu. Atatoboa taya, atatia skrubu mbili za madini, atashona ufizi. Halafu tungoje miezi mitatu mfupa uzikamate. Mfupa ukishika ndipo atafunga meno juu yake, nayo hayatoki tena, si kwa kulala wala kwa kuoga.

"Hayatoki kabisa?" nikamuuliza.

"Hayatoki, Mwalimu. Yatakuwa yako."

Hilo ndilo nililokwenda kulisikia. Daktari wa moyo, yeye, hakutaja miezi. Alisema, "Bi Bashira, mipango yako ifanye mifupi mifupi."

6 Mfungo Mosi

Masika yameingia. Paa la chumba cha juu linavuja, tumetega sinia.

Kweli ni hii, na naiandika kwa kuwa sina wa kumwambia.

Mama yangu, Bi Ummukulthum, mtaani wakimwita Bi Kulthum, alikuwa mshona kofia. Alikufa mimi nikiwa mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye watoto. Nilikuwamo chumbani alipokoshwa. Mkosha maiti alikuwa Bi Mwanamwema, mwanamke mpole asiyekuwa na haraka. Mama alikuwa na meno ya kubandika mbele. Bi Mwanamwema akayatoa kwa kidole, akayasuuza, akanitia kiganjani akaniambia, "Mwanangu, hiki si chake, hakiendi naye."

Hapana kosa hapo. Ndivyo ifanywavyo. Lakini mdomo wa juu ukaporomoka na mashavu yakaingia ndani. Alipokwisha kuvikwa sanda tukaitwa kumtazama mara ya mwisho, na mimi nikatazama. Alikuwa mtu nisiyemjua.

Tangu siku hiyo, kila nikimtafuta mama hunijia uso ule. Picha hakuacha hata moja. Alikuwa akiona haya kupigwa picha. Najua kwa maneno kwamba alikuwa mzuri, alikuwa na mwanya uliosifiwa mtaa mzima, na akicheka watu hucheka kabla hawajajua cha kuchekea. Lakini kujua si kuona. Kwa nusu ya umri wangu nimemtamani mama yangu nisiweze kumwona.

Mimi nami nilianguka kwenye ngazi hizi miaka saba iliyopita, nikayaacha meno yangu mawili, na mwanya niliourithi kwa mama, kwenye kidato cha nne. Nikatengenezewa ya kubandika. Sasa moyo unaniambia siku zangu si nyingi, na Badria hana mama, mimi ndiye mama yake. Yeye ndiye atakayesimama mule chumbani. Sitaki atiwe kitu kiganjani. Sitaki anipoteze mara mbili.

13 Mfungo Mosi

Rukaiya amekuja kutoka Jang'ombe, ametota mpaka kwenye soksi. Tulikaa dawati moja tangu tukiwa wadogo. Kila mmoja anajua umri wa mwenzake kwa siku, na hapana anayemwamkia mwenzake shikamoo. Tangu Bi Mwanamwema afariki, Rukaiya ndiye anayeitwa kukosha maiti za wanawake. Sisi wawili tuna ahadi ya zamani: atakayetangulia atakoshwa na mwenzake.

"Nnasikia unatiwa skrubu," alisema kabla hajakaa. "Shoga, wewe ni mtu au kabati?"

"Mahindi, Rukaiya."

"Mahindi gani? Hata ulipokuwa na meno yako thelathini na mbili ulikuwa ukitaka uchambuliwe."

Nikamuuliza kama mtu anayeuliza jambo la mbali: meno ya namna hii, siku ile, huwaje?

Akaweka kikombe chini. "Cha kubandika nnakitoa. Kilichoshikana na mfupa sikigusi, maiti haumizwi. Mimi si seremala."

Akanitazama sana. Mtu aliyekosha watu wengi hujua kunyamaza. Akarudi kwenye chai yake.

20 Mfungo Mosi

Imekwisha, nami ni mzima, ila nimejitia aibu.

Tulitoka alfajiri, Badria akiendesha, maji barabarani yakifika nusu ya magurudumu. Yeye hufanya kazi ya mapokezi hotelini Kiwengwa, siku nne huko na siku tatu hapa. Leo alibadilishana zamu. Njia nzima alikuwa akinifunza cha kumwambia daktari, kama kwamba mimi ni mgeni asiyejua chumba chake.

Abdulhakim alinichoma sindano za ganzi. Sikuhisi maumivu, nilihisi kazi. Kichwa chote kinavuma kama nyumba ya jirani inapobomolewa. Nikawa naisoma Yasini kimoyomoyo, nikapotea, nikaanza upya. Alipomaliza alirudia mara mbili: kwa kuwa nakunywa dawa ya kulainisha damu, nisisukutue mpaka kesho. Maji yasizungushwe mdomoni. Damu ikishaganda iachwe.

"Umesikia, Bibi?" Badria akasema.

"Nimesomesha miaka thelathini na nane. Nnajua kusikia."

Magharibi ikaadhiniwa. Nikaenda kutia udhu. Mikono, kisha mdomo: nikasukutua mara tatu, vizuri, kama nilivyofanya kila siku tangu utoto, nikatema. Beseni likawa jekundu. Nikatazama ile damu kwanza nisijue imetoka wapi.

Haikutaka kusimama. Badria alinikalisha kitako, akakunja kitambaa, akakibana kwa dole gumba lake mwenyewe mdomoni mwangu huku mkono wa pili akimpigia simu daktari. Tulikaa hivyo mpaka Isha ikapita. Sikuweza kusema, naye hakuacha kusema.

"Kusukutua sunna, Bibi. Sunna. Roho yako ni faradhi. Hata watoto wa madrasa wanajua."

Katikati ya maneno akanibusu kipaji cha uso. Hilo sikuwa nimelitazamia. Nilimdhania ni msichana wa amri tu.

21 Mfungo Mosi

Damu imesimama. Uji.

29 Mfungo Mosi

Mvua. Uji. Nyuzi zimetolewa.

7 Mfungo Pili

Mvua. Sinia la juu linajaa kabla ya adhuhuri. Pengo nimeliacha wazi. Daktari alitaka kunitia ya kubandika ya kungojea, nimekataa. Wageni wakija nafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nimeshazoea, mkono unakwenda wenyewe.

15 Mfungo Pili

Nilikuwa nikiwafunza wanafunzi kwamba tumbawe ni viumbe vidogo vinavyojenga polepole juu ya kitu kigumu. Tia chuma baharini, rudi baadaye, utakuta kimevikwa. Nyumba hii yenyewe imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Leo nimelala nikisikiliza mvua na kufikiri kwamba ndani ya taya langu jambo kama hilo linafanyika, bila kelele, kwa mwili usioweza hata kupanda ngazi. Moyo unabomoka na mfupa unajenga. Nimeuombea mfupa ufike mwanzo.

22 Mfungo Pili

Mvua imepungua. Mkate wa maji ulioloweshwa.

3 Mfungo Tatu

Miguu imevimba. Viatu havivaliki.

8 Mfungo Tatu

Kesho ni Arafa. Kila mwaka hufunga. Badria amezificha tende.

17 Mfungo Tatu

Siku kuu ya Mfungo Tatu nimeilalia hospitalini. Maji yalipanda mpaka mapafuni. Nilikuwa nikivuta pumzi kama mtu anayenywa kwa kikombe kilichotoboka. Sikuogopa kufa. Niliogopa kufa sasa, na pengo. Ni jambo la kijinga kuliogopa mbele ya Mola, lakini naandika kweli.

Rukaiya alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Usinipe kazi leo," aliniambia. "Nina biriani jikoni."

Badria hakwenda Kiwengwa wiki nzima. Nilipozinduka nilimkuta amelala amekaa, kichwa ukutani, mdomo wazi. Nikauona. Anao na yeye. Mdogo, mwembamba kuliko wangu, lakini upo: mwanya. Wakati wote huo sikuwa nimeutazama, kwa sababu hucheka amefumba midomo. Nilidhani ndiyo adabu yake. Kumbe anauficha, kama mimi ninavyoficha pengo.

25 Mfungo Tatu

Nimerudi nyumbani. Wamenibeba kwenye kiti ngazi zote, vijana wawili wa jirani. Sitashuka tena ila kwa sababu kubwa.

11 Mfungo Nne

Kipupwe. Asubuhi nimetaka shali.

24 Mfungo Nne

Sababu kubwa: Fumba. Abdulhakim amepiga picha ya taya. Mfupa umeshika. Amezigonga zile skrubu kwa kijichuma, zikalia kama kikombe cha kaure kizima, si kama kilichopasuka. "Sikia hiyo, Mwalimu," alisema, kwa furaha ya mtoto aliyepata alama.

Akachukua kipimo cha mdomo kwa kitu kama donge la unga wa mandazi. Akauliza kama nina picha ya zamani, apate kuyaiga meno yangu. Badria akamwonyesha picha yangu ya kazini. Mdomo umefumbwa, walimu wa enzi zetu hawakuwa wakicheka mbele ya kamera. Nilikuwa nimechoka kwa ngazi na safari, nikasinzia kitini. Nikawasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, nikaridhika kwamba mambo yamo mikononi mwa watu.

6 Mfungo Tano

Meno yamo Dar, kwa fundi. Nangoja.

12 Mfungo Tano

Nangoja. Nimekula nusu embe lililosagwa.

19 Mfungo Tano

Leo yamekuja.

Abdulhakim aliyajaribisha juu ya skrubu kabla ya kuyafunga, akanipa kioo. Meupe, sawasawa, yamekaribiana kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Hapana mwanya. Nilitazama nikamwona mwanamke wa kwenye tangazo la dawa ya meno, amezeeka.

"Mashaallah," akasema Badria. "Bibi, umekuwa kama wageni wetu wa hotelini."

"Yatoe," nikasema.

Abdulhakim alidhani yananiuma. Nikamwambia hayaumi, si yangu, ayatoe. Akamtazama Badria, na Badria akaona haya.

"Nlimwambia mimi auzibe," alisema. "Bibi, nlijua utapenda. Nani siku hizi anataka meno yenye uwazi? Kule kazini wenzangu hunambia nkauzibe wangu, nnapokea watu na tundu mdomoni. Nliona walau wewe uyapate mazuri."

"Yarudishwe."

"Yatarudishwa Dar, Mwalimu," Abdulhakim akasema taratibu, "lakini itapita wiki tatu, nne." Hakuongeza. Sote watatu tulikuwa tukijua alilosema daktari wa moyo. Naweza kuyafunga leo, nikatoka na meno. Naweza kungoja, nikafa na pengo.

"Yarudishwe," nikasema.

Garini Badria alilia kwa hasira. "Kwa mahindi, Bibi? Utajiua kwa mahindi na tundu?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Gari lilikuwa limesimama kando ya ukuta mpya wa Fumba, chokaa yake haijakauka. Nikamwambia habari ya Bi Mwanamwema na kile kitu kiganjani. Nikamwambia kwamba sura ya mama imenipotea. Nikamwambia mahindi ni uwongo, nimemdanganya tangu Mfungo Mosi. Na kwamba sikutaka meno mazuri. Nilitaka siku ile akifunuliwa uso anione mimi, si mgeni wa hotelini.

Akafuta machozi. Halafu akasema, "Ungenambia mwanzo, Bibi, tungekuwa tushamaliza."

Kweli. Mwezi mmoja nimeupoteza kwa kuona haya, na mwezi ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo.

20 Mfungo Tano

Badria ameamka na swali. "Ulikuwa mpana kiasi gani?"

Sikujua. Wangu nilikuwa nao tangu kuota meno, na mtu hapimi kilicho chake. Akampigia simu Rukaiya, akaiweka spika nami nisikie.

"Wake?" Rukaiya akasema. "Wake na wa mamake ni mmoja, hata meno wangeazimana. Mwanangu, fungua kasha la vitu vya kofia. Bi Kulthum akishona, akitaka mikono miwili kunyoosha kitambaa, sindano alikuwa akiibana wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Nikafumba macho nikaona mkono wa mama ukipanda mdomoni, ukiiacha sindano pale katikati ya meno mawili, imesimama imara kama kisu kwenye ala, naye anazungumza nayo hivyo hivyo, anatukana kuku. Mkono niliuona. Uso haukuja.

Sindano ilikuwamo kashani, ile nene ya kofia, imechomekwa kwenye kitambaa cha bluu.

22 Mfungo Tano

Badria ameipeleka sindano Fumba peke yake. Anasema Abdulhakim alicheka, kisha akaacha kucheka, akatoa kipimo chake cha chuma, akaipima mara tatu, akaandika. Akasema kwa miaka yake yote watu humwendea kuuziba. Huyu ni wa kwanza kuuagiza.

1 Mfungo Sita

Miguu tena. Nalala nimekaa.

5 Mfungo Sita

Mtaani wanajifunza kasida za Maulidi, dufu linapigwa tangu alasiri. Badria ananiosha miguu kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Leo alinichekea na mdomo wazi, akasahau. Nikayatazama maji nisije nikamkumbusha.

9 Mfungo Sita

Nangoja.

11 Mfungo Sita

Abdulhakim amekuja mwenyewe, na mkoba, akapanda ngazi zote. "Hutakiwi kushuka, Mwalimu. Leo ramani nimeijua." Amenifunga meno hapa hapa, kwenye kiti cha dirishani, Badria akishika tochi. Akapitisha sindano ya mama kwenye mwanya. Ikashika.

Daktari alipotoka niliomba kioo.

Nilitazama muda mrefu. Nikafungua midomo, nikafumba, nikafungua. Nilimwona mwanamke mzee, mgonjwa, mwenye meno. Meno yenyewe hayana kasoro. Mama hakuwepo. Naandika haya bila machozi: nilikuwa nimetumaini, kwa siri hata kwangu mwenyewe, kwamba atakuwepo. Badria atapata uso wake wa mwisho. Hilo nimelipata na Alhamdulillahi. La kwangu halikuandikwa.

13 Mfungo Sita

Jana usiku Maulidi. Nilisikiliza kwa dirisha mpaka nikalala.

Leo asubuhi Rukaiya amekuja kunipa ubani na sambusa za huko. Nilimsikia kutoka kidato cha kwanza. Magoti yake yanamuuma, na kila kidato anakisema.

"Nyumba hii iliyojengwa na adui," alisema chini. Akapumzika. "Shoga, ukifa siku ya mvua nnakukosha kwa simu." Akapumzika. "Hapa ndipo ulipoacha meno? Nimekanyaga kitu."

Nikacheka. Nilicheka kwa tumbo, kichwa kikaenda nyuma, na mkono wangu haukwenda kwenye kanga. Nilikuwa bado nacheka alipotokeza mlangoni.

Akasimama. Sahani ya sambusa ikainama mkononi mwake, mafuta yakamchuruzikia kwenye buibui, asihisi. Uso wake ukawa wa kitoto, uso wa mtoto aliyetumwa kwa jirani. Akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Bi Kulthum," alisema.

Rukaiya, ambaye hajaniamkia tangu tuzaliwe. Alisikia alichokisema baada ya kukisema. Akafunika mdomo. Nyuma yake kwenye ngazi Badria alisimama na birika.

Kioo kilikuwa bado kipo dirishani, tangu juzi. Nikageuka hivyo hivyo, cheko halijanitoka usoni.

Mama alikuwamo, anajiandaa kutukana kuku.

Sikumgusa. Sikumwita. Nilimtazama mpaka nikamjua tena, jicho la kushoto linalofumba kabla ya la kulia, vishimo vya mashavu, mwanya na giza lake jembamba. Halafu nikakumbuka kwamba mtu ameamkia nyumbani mwetu naye amesimama mlangoni hajajibiwa, na mama asingeliridhia.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia Rukaiya. "Ingia. Sambusa zinamwagika."